Jirani ana birika la zege juu ya nyumba, na rangi yake nimenunua mimi

Wakuu, habari zenu. Walioko Mbeya, Makete na Mufindi poleni na baridi. Wa Dar poleni na joto lenu.

Huu ni uzi wangu wa kwanza, baada ya miaka ya kusoma za wenzangu na kupita kimya kimya. Ninachosimulia kimetokea mtaani kwangu na mama yangu mzazi ndiye mhusika mkuu. Najua humu mtu akileta kisa mnamwambia hii chai, kaitunga. Hii siyo chai, ingawa birika limo.

Mimi ni mzaliwa wa Igowole, Mufindi, ila maisha yamenileta Mbeya. Nimejenga upande wa Uyole kwenye viwanja vipya. Nyumba ni ya kisasa, hidden roof, yaani paa limefichwa na ukuta, rangi ya kijivu na nyeupe, madirisha makubwa, geti jeusi. Siku fundi alipomaliza nilisimama barabarani nikaitazama, nikaiweka status, nikajiona mtu.

Sasa shida ni moja. Ile ramani fundi alinitumia kwa WhatsApp, kumbe alikuwa ameshawatumia watu wengine kibao. Ukipita mitaa ya kwetu utadhani ni nyumba moja imetembea. Kijivu, nyeupe, geti jeusi, kijivu, nyeupe, geti jeusi. Hata mimi mwenyewe kipindi kile tumehamia niliwahi kupiga honi kwenye geti la mtu nikakasirika kwa nini hawafungui.

Kwangu hilo halikuwa tatizo. Niliona mtaa umependeza, umetulia, una mpangilio.

Isipokuwa kitu kimoja tu, nacho kiko mbele ya geti langu kabisa.

Ng'ambo ya barabara anakaa mzee mmoja, tumwite Mzee Sudi. Anauza magodoro na mashuka mjini. Asili yao ni pwani, babu zake walipanda huku zamani kwa biashara, yeye kazaliwa Chunya na Kisafwa anakiongea vizuri tu. Mtu mwema, mcheshi, Ijumaa lazima akutumie sahani ya biriani hata kama wewe ni Mlutheri kama mimi.

Ila nyumba yake wakuu!

Ukuta kijani cha pilipili hoho. Nguzo za barazani rangi ya chungwa. Chini, kuanzia msingi hadi kiunoni, kaweka tiles za bafuni, zile zenye maua. Vioo vya bluu vya kujitazama, watoto wa shule wanasimama hapo kuchana nywele. Na juu kabisa, tanki lake la maji kalijengea zege likawa BIRIKA. Lina mkono, lina mdomo, lina mfuniko na kirungu chake. Ukubwa wake unaweza kulaza familia humo ndani.

Kila asubuhi nafungua dirisha la jikoni ninywe chai yangu kwa amani, nakutana na birika.

Kilichokuwa kinaniudhi zaidi ni kwamba mtaa mzima unaitwa Birika. Bodaboda ukimwambia jina halali la mtaa anakutumbulia macho. Ukisema "Birika" anakupa kofia ngumu unapanda. Wageni wangu walikuwa wanapotea, wananipigia simu wako magetini kwa watu, mwisho namezea nasema, "Njoo mpaka kwenye birika, ukifika geuka nyuma." Mtu umejenga hidden roof halafu unaelekezwa kwa tanki la mwenzio!

Mke wangu Sekela, Mnyakyusa wa Rungwe, yeye alikuwa analipenda. Alikuwa ananiambia, "Baba Upendo, ile nyumba ukiitazama unacheka. Ya kwetu ukiitazama unakumbuka ofisini." Tulishabishana sana juu ya hilo. Nilikuwa namwambia watu wa Rungwe wamezoea kijani cha migomba ndiyo maana macho yao yameharibika, na yeye ananijibu vya kwake ambavyo siwezi kuviandika hapa.

Turudi kwa mama.

Baba alipofariki, mama alibaki Igowole peke yake. Baadaye ndugu wakaanza kunipigia simu. Mama kapika maharage kasahau moto. Mama kaenda ibadani siku ambayo siyo. Mama kamuuliza dada yangu, "We mtoto wa nani?" Nikaenda kumchukua.

Kijijini hakuwahi kupotea hata siku moja, na nadhani najua kwa nini. Igowole hakuna nyumba mbili zinazofanana. Huyu kaezeka bati jekundu, yule jeupe lenye kutu, yule kachora samaki mlangoni, yule kapanda matete mbele. Mama alikuwa anasoma njia kwa nyumba za watu.

Mimi nikamleta kwenye mtaa wa kijivu.

Siku za mwanzo alikuwa anazunguka chumbani akigusagusa kuta. Kitu pekee kilichomtuliza kilikuwa dirisha la jikoni. Anasimama pale na kikombe chake, anatazama birika la Mzee Sudi, anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Wale watu wana chai nyingi," anasema. Kila siku hilo hilo. Sekela anacheka, mimi naguna.

Basi wakuu, mwaka huu Mzee Sudi anaozesha binti yake wa mwisho, na posa inatoka Dar. Watoto wake wakubwa walioko Dar wakamjia juu. Baba tutaaibika, wakwe watakuja wakute birika? Paka rangi ya kisasa, bomoa hilo dude, weka tanki la kawaida.

Mzee akaja kwangu kuniomba ushauri, maana naonekana mtu wa mambo ya kisasa. Wakuu, nilifurahi siku hiyo. Nilimpa namba ya fundi wangu nikamchagulia na kijivu chenyewe.

Mafundi wakaja, wakafunga mirunda kuzunguka birika lote, tayari kupanda na kulivunja. Nikalipiga picha ya kuliaga. Sekela alinuna, akasema chakula kiko mezani, jipakulie.

Kesho yake ndiyo mama akapotea.

Ilikuwa mchana. Mimi niko kazini, Sekela anaanika nguo nyuma, wa gesi kaleta mtungi kaacha geti wazi. Sekela kurudi ndani, mama hayupo. Chumbani hayupo, chooni hayupo, barabarani hayupo.

Nilipopigiwa simu nilibeba begi langu nikakimbilia nyumbani. Baridi ya Uyole ya mwezi wa saba mnaijua. Jua likishazama, mzee mwenye kitenge na sweta akikaa nje hafiki asubuhi. Na mama huwa hasemi amepotea. Anatembea tu, anasalimia watu, anaonekana mtu anayejua anakokwenda.

Nilitoa taarifa polisi, nikampigia mwenyekiti wa mtaa, Sekela akawakusanya akina mama wa kanisa. Nikawa naingia mtaa hadi mtaa, nagonga mageti meusi. Kila geti nikiligonga moyo unaniambia hapa ndipo, maana ni kama langu. Linafunguliwa, sura ngeni, pole sana kaka hatujamwona.

Mzee Sudi alikuwa dukani. Alipopata habari alifunga duka katikati ya mauzo, akachukua ile pikapu yake yenye spika anayotangazia magodoro, akaanza kuzunguka. Sauti yake nilikuwa naisikia hadi bondeni:

"Jamani eee! Tunamtafuta mama yetu! Mama mtu mzima, kitenge cha kijani, sweta ya kahawia! Anaongea Kihehe! Ukimwona mkalishe, mpe chai, piga simu! Ni mama yetu jamani!"

Mama yetu. Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia, mtu mzima na begi langu la laptop.

Akapita na msikitini, wakatangaza baada ya swala ya alasiri. Na wale mafundi wa mirunda nao aliwashusha akawasambaza, akawaambia birika halina haraka, mama ana haraka.

Kumbe muda wote huo mama yangu alikuwa anakula.

Sikilizeni hii. Mitaa kadhaa kutoka kwetu, nyuma ya kile kimwinuko cha mikaratusi, kuna nyumba ya ramani ile ile. Anakaa binti mmoja anaitwa Tumpe, mwenyeji wa Tukuyu, na mume wake Mbena wa Njombe. Mume anashughulika na dhahabu Chunya, na akiwa machimboni simu haipatikani. Walikuwa hawajafunga ndoa kanisani, kwa hiyo Tumpe hajawahi kupelekwa ukweni wala hajawahi kumwona mama mkwe. Mume alikuwa ameaga kwa kusema, "Mama atakuja wiki hii kututembelea, mpokee vizuri."

Geti lilikuwa wazi. Mama akaliona, jeusi. Akaiona nyumba, kijivu. Akaingia moja kwa moja hadi jikoni, akasema, "Kamwene."

Nyie watu wa Iringa na Njombe mnajua. Hiyo salamu ni ya Wahehe na ni ya Wabena pia. Tumpe akajua mkwe ndiye huyo kafika.

Sasa binti wa Kinyakyusa atamuulizaje mama mkwe wake "samahani, wewe ni nani?" Haiwezekani! Alipiga magoti akaamkia, macho chini. Akampa kiti. Akachemsha maji ya kuoga. Akamchinjia kuku wakuu, kuku mzima, akasonga ugali. Spika ya Mzee Sudi aliisikia ikipita mtaa wa juu, akadhani ni magodoro kama siku zote, na yeye roho yake yote iko kwenye sufuria.

Mama naye, jikoni ni lile lile, sinki liko pale pale, kabati lile lile. Akakaa akaanza kuchambua maharage aliyoyakuta kwenye ungo. Tumpe anasema alimwambia, "Wewe mkamwana una mkono mzuri." Na Tumpe akafurahi karibu alie, maana alikuwa na hofu ya ukweni miezi yote hiyo.

Jua lilipoanza kuteremka, mama akainuka kusuuza kikombe chake. Akatazama dirishani.

Dirisha la Tumpe linatazamana na ukuta wa jirani na nguzo ya umeme.

Tumpe anasema mama alisimama muda mrefu na kikombe mkononi. Halafu akakiweka chini taratibu. "Limeenda wapi?" akauliza.

"Nini, Mama?"

"Birika. Lile kubwa la juu ya nyumba. Wamelichukua?"

Na Tumpe, kama kila mtu wa Uyole, analijua birika. Ndipo kwa mara ya kwanza akathubutu kumtazama usoni. "Mama, samahani sana. Wewe si Mama wa Njombe?"

"Njombe ya nani? Mimi ni wa Igowole. Mwanangu anakaa pale kwenye birika. Hapa siyo kwetu, nipeleke mwanangu, giza linaingia."

Jina langu halikumjia. Jina la mtaa hakuwahi kulijua. Namba ya simu ndiyo usiseme. Katika kichwa chake chote kilichochoka, anuani iliyobaki ilikuwa hiyo moja, ile niliyokuwa naionea aibu.

Tumpe akamvisha koti la mume wake, wakashikana mikono wakatembea.

Sisi tulikuwa tumekusanyika mbele ya nyumba ya Mzee Sudi, tunapanga watu wa kwenda bondeni na tochi. Sekela ndiye aliyewaona. Alipiga kelele akakimbia mpaka ndala moja ikabaki njiani.

Mama alituona tumejaa barabarani akashangaa. "Nani amefariki?" aliuliza.

Wakuu, nilicheka na kulia kwa pamoja. Nilimkumbatia hadi akaniambia nimwache apumue. Tumpe yuko pembeni, anarudia, "Nisameheni, nilijua ni mkwe, nisameheni." Sekela akamkumbatia naye, wakaanza kuongea Kinyakyusa chao kwa kasi, na hadi leo ni kama mtu na mdogo wake.

Halafu mama akainua macho kutazama birika lake. Akaiona ile mirunda imelizunguka.

"Mnalifanya nini?"

Fundi akanitazama mimi, mimi nikamtazama Mzee Sudi. Mzee Sudi akavua kofia yake, akajibu kwa upole, "Tunalibomoa, Mama. Watoto wanasema linatutia aibu kwa wageni."

Mama akafikiri. Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayeulizia gari la kesho:

"Mimi sasa nitarudije nyumbani?"

Mzee Sudi akageukia upande wa geti lake, mabega yakawa yanacheza. Alipogeuka tena alikuwa anajifuta uso na ile kofia. Akatuambia kitu ambacho miaka yote ya ujirani sikuwahi kumuuliza. Baba yake alikuwa muuza kahawa Chunya, anazungushia wachimbaji na birika lake, jiko la mkaa chini, vikombe mkononi vinagongana. Birika hilo ndilo lililowasomesha na kuwavisha. Alipojenga, akataka baba yake aonekane kutoka mbali.

Basi. Mimi nilijua ni mtu asiye na taste.

"Fundi," akasema, "teremsha nyundo zako. Wenye posa wakishindwa kuoa kwa sababu ya birika, hao si wa kuoa."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili nikamshukuru. Nikamwambia mzee, mirunda ishafungwa, usiifungue bure. Rangi ya birika nitanunua mimi. Akakubali kwa sharti moja, mama ndiye achague.

Nikaenda dukani na mama. Kwa siri niliomba achague hata nyeupe.

Alichagua pinki. Mfuniko zambarau.

Muuzaji aliniuliza, "Una uhakika bosi?" Nikamwambia nipe, tena nipe inayong'aa.

Kwa hiyo wakuu, ukipita barabara ya Uyole ukaona juu ya mabati birika la pinki limesimama, ujue huyo mchafuzi wa mazingira ni mimi. Bado ni baya. Siwezi kuwadanganya, ni baya zaidi ya mwanzo. Ila kila nikifungua dirisha na kulikuta pale namshukuru Mungu, namshukuru Mzee Sudi, namshukuru na marehemu muuza kahawa ambaye sikumjua.

Posa ilikuja. Walitoka Dar na magari yao wakafika bila kupiga simu hata moja, na mama mkwe mtarajiwa alipiga picha chini ya birika pozi zote. Tumpe naye mkwe wake halisi alifika, na anasema huyo hakumchambulia maharage.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Kabla hujacheka nyumba ya mtu, muulize kwanza alikuwa anamkumbuka nani. Na ukijenga, hata kama ramani ni ya WhatsApp, weka hapo kitu kimoja ambacho mama yako akikiona atajua amefika. Sekela ameshaniambia geti letu tulipake rangi ya chungwa. Nimeacha kubishana.

Hali ya mama inaenda na kurudi. Juzi niliingia jikoni nikamkuta dirishani na kikombe chake. Akageuka akanitazama kwa heshima, vile unavyomtazama mgeni, akauliza, "Wewe baba, unakaa wapi?"

Iliniuma, sitaficha. Nikamwambia, "Nakaa pale kwenye birika, Mama."

Uso wote ukafunguka. Akanivutia kiti.

"Kumbe tunakaa wote," akasema. "Karibu chai."

Haya wakuu, na kwenu je? Kila mtaa una lile jengo mnalolisema vibaya. Leteni picha na habari zake, kahawa yangu bado ya moto.